Kabla ya chai ya Boston kulikuwa na ardhi: maneno ya kuelewa njia ya mapinduzi ya Marekani

Ukimuuliza mtu aliyesoma historia ya Marekani hata kidogo, hata kwa kuangalia video za YouTube tu, kwa nini yale makoloni 13 ya Uingereza yaliasi, jibu linakuja haraka sana: kodi. Walitozwa kodi na bunge la London ambalo hawakuwa na mbunge wao ndani, wakamwaga chai baharini pale Boston, wakapigana, wakajitangazia uhuru 1776, imeisha hiyo. Na ukifungua vitabu vya kujiandalia mtihani unakuta orodha ya maneno, Sheria ya Stempu, Sheria ya Chai, mauaji ya Boston, kila neno na mwaka wake pembeni, mwanafunzi anakariri yote na anafaulu vizuri tu lakini hajui neno moja limezaaje lingine.

Hoja yangu ni kwamba tunaanza na maneno ya mwisho. Kodi inakuja mwishoni kabisa. Kabla ya kodi kuna ardhi, kuna watu wa kulazimishwa kuilima hiyo ardhi, kuna biashara ya magendo na kuna mazoea ya miaka zaidi ya 100 ya walowezi kujiamulia mambo yao. Ukiyapanga hivyo, 1776 inaeleweka bila kukariri, na unaanza kuona vitu ambavyo sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji hata kuelezwa sana.

Neno la kwanza basi ni mlowezi. Huku kwetu neno hili lina historia yake, Kenya wanalijua, Zimbabwe wanalijua. Mlowezi ni tofauti na ofisa wa kikoloni anayetumwa miaka mitatu minne halafu anarudi kwao na pensheni. Mlowezi amekuja kukaa. Anataka ardhi, anataka watu wa kumfanyia kazi kwenye hiyo ardhi, na anataka dola iliyomleta imlinde pale anapokuwa dhaifu halafu isimguse pale anapokuwa na nguvu. Shika hiyo sentensi, maana ugomvi wote wa 1763 mpaka 1776 uko ndani yake.

Neno la pili ni hati ya mfalme. Mwaka 1606 mfalme James wa Kwanza aliwapa wafanyabiashara wa kampuni ya Virginia hati ya kwenda kuanzisha koloni kwenye ardhi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona, ardhi iliyokuwa na wenyewe, jamii karibu 30 zilizokuwa chini ya mtawala ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Ilikuwa kampuni ya hisa, watu wa London wanaweka hela wanasubiri faida. Mei 1607 wanaume na vijana zaidi ya 100 wakaanzisha Jamestown, na miaka ya mwanzo walikufa vibaya sana kwa njaa na magonjwa, hasa ile baridi ya 1609 kwenda 1610. Kampuni yenyewe haikupata faida iliyotarajiwa, na mwaka 1624 mfalme akaifuta akalichukua koloni moja kwa moja. Sasa ukikumbuka kwamba kampuni ya Imperial British East Africa nayo ilipewa hati 1888, ikashindwa kifedha, na serikali ya Uingereza ikachukua eneo lililokuja kuitwa Kenya 1895, utaona hawa watu walikuwa na utaratibu wao, kampuni inatangulia kwa hela za watu binafsi, bendera ya serikali inafuata kuokoa jahazi.

Kilichoiokoa Virginia ni tumbaku. John Rolfe alianza kulima aina iliyopendwa London karibu na 1612, na kuanzia hapo kila kitu kikageuka, maana tumbaku inachosha udongo haraka na inataka mikono mingi, yaani mkulima anahitaji shamba jipya kila baada ya miaka michache na anahitaji watu. Ndo hapo mwaka 1618 kampuni ikaleta utaratibu ambao mimi naona ni muhimu kuliko sheria zote za chai na stempu: ekari 50 kwa kila kichwa. Ukijilipia nauli ya kuvuka bahari unapata ekari 50, ukimlipia mwingine unapata ekari 50 nyingine juu ya jina lake. Tajiri akilipia watu 20 anapata ekari 1,000 na pia anapata nguvu kazi ya hao watu kwa miaka. Maskini anauza miaka yake, tajiri anakusanya mashamba. Na baadaye ekari hizo zilidaiwa hata kwa vichwa vya Waafrika walioletwa wakiwa watumwa, yaani mtu ananyang'anywa uhuru wake na mwili wake unatumika kumpatia hati ya shamba yule aliyemnyang'anya.

Wale waliouza miaka yao waliitwa watumishi wa mkataba. Wengi walikuwa vijana maskini wa Kiingereza, wanafanya kazi kwa kawaida miaka minne mpaka saba bila mshahara, wanalishwa na kuvalishwa, wakimaliza wanakuwa huru. Wengi hawakumaliza, walikufa kabla.

Halafu 1619. Mwaka huu unapaswa kusomwa wote kwa pamoja. Tarehe 30 Julai 1619 lilikutana pale kanisani Jamestown bunge la kwanza la wawakilishi katika makoloni ya Kiingereza kule Amerika, jambo ambalo Wamarekani wanajivunia mpaka leo. Na mwishoni mwa Agosti, wiki chache tu baadaye, meli inaitwa White Lion ilitia nanga Point Comfort ikiwa na Waafrika 20 na ushee, waliotekwa kutoka kwenye meli ya Wareno iliyotoka Luanda, Angola, wakabadilishwa kwa chakula. Bunge na utumwa vilifika kipindi kimoja, koloni moja, kwa watu walewale. Mtu akikusimulia habari ya bunge bila habari ya White Lion amekupa nusu ya mwaka.

Mwanzoni sheria haikuwa wazi Waafrika hawa ni watumishi wa muda au wa maisha, na baadhi walipata uhuru wao wakamiliki mashamba. Ila angalia ilivyobanwa taratibu. 1640 watumishi watatu wa Virginia walitoroka pamoja wakakamatwa Maryland, wawili Wazungu, mmoja Mwafrika aliyeitwa John Punch. Wazungu wakaongezewa miaka. John Punch akahukumiwa kumtumikia bwana wake maisha yake yote. Kosa moja, safari moja, mahakama moja. 1662 bunge la Virginia likapitisha kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, kinyume kabisa na desturi ya Kiingereza ya kumfuata baba, na maana yake ni kwamba bwana akimzalisha mwanamke mtumwa, mtoto wake mwenyewe anakuwa mali yake. Kila nikifika kwenye sheria hii huwa nasimama kidogo, kwa sababu haikuandikwa na mfalme wala na bunge la London, iliandikwa na bunge la walowezi wenyewe, lile lile tunaloambiwa ndo mbegu ya demokrasia.

Sasa njoo kwenye neno ambalo mara nyingi linapewa mistari miwili tu vitabuni, uasi wa Bacon, 1676. Virginia ilikuwa imejaa watumishi waliomaliza mkataba wao, wako huru lakini hawana ardhi nzuri, maana ile ya kando ya mito imeshachukuliwa na matajiri. Ardhi iliyobaki iko mpakani kwa wenyeji. Gavana William Berkeley hakutaka vita ya jumla na wenyeji wote, alikuwa na biashara nao pia, na Nathaniel Bacon, ambaye mwenyewe alikuwa tajiri, akakusanya watu wenye hasira akawashambulia wenyeji, hata wale waliokuwa na urafiki na koloni, halafu akamgeukia gavana na Septemba 1676 akaichoma moto Jamestown. Kwenye jeshi lake walikuwepo watumishi Wazungu na watumwa Weusi kwa pamoja. Bacon akafa kwa kuhara damu mwezi uliofuata na uasi ukazimwa, lakini matajiri wa Virginia walikuwa wameshaona kitu kilichowatisha, maskini wa rangi zote wana silaha na wako upande mmoja. Miaka iliyofuata biashara ya watumwa kutoka Afrika ikaongezeka sana, na zilikuwepo sababu za kiuchumi pia, watumishi kutoka Uingereza walikuwa wanapungua, ila sheria ya watumwa ya 1705 inaonyesha wazi kilichokuwa kinafanyika, Mzungu maskini kabisa anapewa kitu cha kumfanya ajione yuko juu ya Mweusi yeyote, na kuanzia hapo ule umoja ukawa mgumu sana kurudi.

Na katika huo uasi lipo somo la 1776 pia. Mlowezi anaasi pale serikali inapomzuia kuchukua ardhi ya mwenyeji. Miaka 100 kabla.

Kaskazini habari ni tofauti kidogo na nitaipita haraka. Meli ya Mayflower ilifika 1620 na abiria 102, wanaume 41 wakasaini makubaliano ya kujiundia serikali kabla hawajashuka kukaa, na hii ilitokana na jambo la kawaida tu, walikuwa nje ya eneo walilopewa kwa hiyo hakukuwa na mamlaka ya kuwashika. Waliofuata, wa Massachusetts Bay 1630, walifanya kitu cha akili, walibeba hati yao ya kampuni wakavuka nayo bahari ili mikutano ya kampuni ifanyike kule kule mbali na macho ya mfalme, na hivo kampuni ikageuka kuwa serikali. London ilipokuja kushtuka na kuifuta ile hati 1684, halafu ikaunganisha makoloni ya kule chini ya gavana mmoja, Edmund Andros, watu wa Boston walimkamata Andros 1689 wakamweka ndani. Kwa hiyo tabia ya kumtoa ofisa wa mfalme haikuanza na chai.

Makoloni mengine yalikuwa ya wamiliki binafsi, mfalme anampa mtu mmoja au kikundi eneo zima. Pennsylvania ilitolewa 1681 kwa William Penn kwa sababu mfalme alikuwa na deni kwa baba yake. Fikiria hilo, deni la familia moja ya Uingereza linalipwa kwa ardhi ya Walenape, wenyeji wa pale, ingawa Penn mwenyewe alijitahidi kununua kwa makubaliano, wanawe waliokuja baadaye ndo walifanya udanganyifu mkubwa.

Tuje kwenye hela. Nadharia iliyotawala London kipindi hicho ilisema koloni lipo kwa ajili ya kuitajirisha nchi mama, basi. Sheria za Usafiri wa Meli kuanzia 1651 zilitaka bidhaa zibebwe na meli za Kiingereza, zikiwemo za makoloni, na bidhaa fulani kama tumbaku na sukari zisiuzwe kokote isipokuwa Uingereza na makoloni yake. Sukari hii inatoka visiwa vya Karibi, Barbados na Jamaica, ambako watumwa walikuwa wanakufa haraka kuliko wanavyozaliwa na wanaletwa wengine kila mwaka. Watu wengi wanadhani New England, yaani yale makoloni ya kaskazini kama Massachusetts, ilikuwa mbali na utumwa kwa sababu mashamba makubwa yalikuwa kusini. Hapana. Samaki wa Boston, mbao, farasi, vyakula, vilikuwa vinapelekwa visiwani kulisha na kuendesha yale mashamba ya miwa, na meli zikirudi zinabeba molasesi, yaani shira ya miwa, ya kutengenezea pombe kali inayoitwa ramu. Uchumi wa bandari zile ulisimama juu ya miwa.

Na molasesi ya visiwa vya Wafaransa ilikuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo 1733 bunge la London, kwa kusukumwa na wenye mashamba ya visiwa vya Kiingereza, likaweka ushuru wa peni 6 kwa galoni kwenye molasesi ya kigeni, ushuru mkubwa wa kuzuia kabisa, na wafanyabiashara wa Boston na Newport wakafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote wa pwani angefanya, wakampa ofisa wa forodha kidogo chake na mzigo ukapita. Miaka 30 hivi. London ilijua na ikanyamaza, kwa sababu makoloni yalikuwa yananunua bidhaa za Uingereza kwa wingi na hakukuwa na sababu ya kutafuta ugomvi. Ni sawa na kijana aliyeachiwa duka na mzee wake, miaka nenda rudi mzee hakagui hesabu, kijana anaajiri anavyotaka, anapanga bei, anajenga, na rohoni mwake duka limeshakuwa lake. Halafu siku moja mzee anatokea na daftari. Kisheria mzee yuko sawa. Lakini usitegemee kijana aone hivyo.

Siku ya daftari ililetwa na vita. Na hapa turudi kwenye ardhi maana vita yenyewe ilianza kwa ajili ya ardhi. Matajiri wa Virginia, wakiwemo kaka zake George Washington, walikuwa na kampuni ya Ohio iliyoahidiwa mamia ya maelfu ya ekari ng'ambo ya milima ya Appalachia, eneo ambalo Wafaransa nao walilidai na ambalo wenyeji ndo walikuwa wanaishi. 1754 Washington, kijana wa miaka 22, aliongoza kikosi kule na risasi zilizopigwa pale zikawa mwanzo wa vita iliyokuja kuenea Ulaya, Karibi, India na hata Afrika Magharibi. Uingereza ikashinda, 1763 Ufaransa ikaachia Kanada na karibu madai yake yote mashariki ya mto Mississippi. Walowezi walishangilia, njia ya magharibi imefunguka.

Haikufunguka. Mwaka huo huo wenyeji wa maziwa makuu ya Amerika Kaskazini na Ohio, na Pontiac akiwa mmoja wa viongozi wao, waliingia vitani wakateka ngome kadhaa za Waingereza, na London ikaona wazi kwamba kila mlowezi atakayevuka milima atazaa vita nyingine ya kulipiwa na hazina. Tarehe 7 Oktoba 1763 likatoka tangazo la mfalme: hakuna kujenga makazi ng'ambo ya milima, hakuna mtu binafsi kununua ardhi ya wenyeji, ardhi yoyote itapatikana kwa mfalme tu. Kwangu mimi hili tangazo ndo neno kubwa kuliko yote kwenye orodha. Maskini wa mpakani aliona kazuiwa shamba, tajiri aliyekuwa ameshapima ekari kwenye karatasi aliona utajiri wake umefungiwa kabatini London. Washington mwenyewe 1767 alimwandikia mpimaji wake kwamba lile tangazo ni la muda tu la kuwatuliza wenyeji, na akamwelekeza awahi kumtafutia ardhi nzuri kimya kimya. Huyu ndo mtu anayekuja kuongoza jeshi la mapinduzi.

London haikulitoa tangazo hilo kwa kuwapenda wenyeji, tusidanganyane, ilikuwa ni hesabu ya gharama tu. Deni la taifa la Uingereza lilikuwa limekaribia kuwa mara mbili kwa sababu ya vita, na serikali ikaamua kubakiza askari kama 10,000 huko Amerika. Nani atawalipa? Hapo sasa, baada ya yote hayo, ndo kodi inaingia mlangoni.

Na ukiangalia kwa makini kuna kitu cha ajabu. Sheria ya Sukari ya 1764 ilipunguza ushuru wa molasesi, kutoka peni 6 mpaka peni 3. Na Sheria ya Chai ya 1773, iliyotungwa kuiokoa kampuni ya East India iliyokuwa na maghala yamejaa chai na madeni juu, ilifanya chai halali iwe rahisi kuliko zamani. Mara mbili bei inashuka, mara mbili hasira inapanda. Kama shida ingekuwa ni mzigo wa kodi peke yake hili lisingeeleweka, tena mtu wa Massachusetts alikuwa anatozwa kidogo sana ukilinganisha na mtu wa Uingereza. Kilichobadilika ni kwamba peni 3 zilikuwa za kukusanywa kweli. Meli za kivita zinakagua, mshtakiwa wa magendo anaweza kupelekwa mahakama ya bahari isiyo na juri, mbele ya jaji mmoja, badala ya kuhukumiwa na majirani zake ambao nao wanakunywa ramu ile ile. Chai vivyo hivyo, chai rahisi ya kampuni ingewaua wafanyabiashara wa magendo na pia kila atakayeinunua atakuwa amekubali kwamba London ina haki ya kutoza.

Sheria ya Stempu ya 1765 iligusa magazeti, hati za mahakama, mikataba, leseni, mpaka karata na dadu. Kisiasa lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu iliwabana mawakili, wachapaji na wenye vilabu vya pombe kwa wakati mmoja, yaani wanaozungumza, wanaoandika na wenye sehemu ambazo watu wanakutana kulalamika. Agosti 1765 nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana wa Massachusetts, ilivunjwa na umati ikabaki kuta. Oktoba wajumbe wa makoloni tisa wakakutana New York.

Hapa ndo linaingia neno uwakilishi, na naomba lisomwe kwa utulivu. London ilijibu kwamba kila mbunge anawakilisha Waingereza wote popote walipo, hata miji kama Manchester haina mbunge na inalipa kodi. Wakati huohuo Old Sarum, sehemu isiyo na watu karibu kabisa, ilikuwa na wabunge wawili, kwa hiyo jibu hilo lilikuwa bovu na walowezi walikuwa na haki ya kulikataa. Lakini wale wajumbe wa New York walisema pia kwamba kwa jinsi makoloni yalivyo mbali, haiwezekani wawakilishwe London. Kwa hiyo hawakuwa wanaomba viti. Walikuwa wanasema mabunge yetu ya huku ndo mabunge, na London isiguse mfuko wetu. Ndo maana sheria za Townshend za 1767 ziliwauma sana, ushuru wa vioo, karatasi, rangi, madini ya risasi na chai ulikusudiwa pamoja na mambo mengine kulipa mishahara ya magavana na majaji, na silaha kuu ya bunge la koloni dhidi ya gavana ilikuwa ni kwamba mshahara wake wanaulipa wao.

Sidharau hoja hii. Kuhukumiwa na juri, kushika mfuko wa serikali, kukataa jeshi kukaa mjini wakati wa amani, hizi ni haki za kweli na watu walikufa kwa ajili yake. Tarehe 5 Machi 1770 askari walipofyatua risasi Boston walikufa watu watano, na aliyeanguka wa kwanza anatajwa kuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji. Ninachosema ni kwamba bunge la walowezi kujitawala na watu wa nchi kuwa huru ni vitu viwili, na Kenya inatuonyesha. 1922 na 1923 walowezi wa Kenya, baada ya kupata uchaguzi wao wa Baraza la Kutunga Sheria, walipanga mpaka kumteka gavana kwa sababu London ilifikiria kuwapa Wahindi kura. Nao walijiita watetezi wa haki za Waingereza.

Baada ya makasha 342 ya chai kutupwa bandarini Boston tarehe 16 Desemba 1773, London ikaadhibu kwa nguvu 1774: bandari ya Boston ikafungwa, bunge la Massachusetts likakatwa makali, maofisa wakaruhusiwa kushtakiwa nje ya koloni, askari wakatafutiwa malazi. Mwaka huohuo ikapita Sheria ya Quebec, ambayo pamoja na kuwapa Wakatoliki wa Kifaransa uhuru wa dini, ilisogeza mpaka wa Quebec mpaka mto Ohio. Ardhi ile ile. Walowezi waliihesabu kwenye kundi moja na sheria za adhabu, na ukijua habari ya ekari huhitaji kuuliza kwa nini. Septemba makoloni 12 yakakutana Philadelphia, na Aprili 19, 1775 risasi zikapigwa Lexington na Concord.

Bado mwaka mzima baada ya hapo wengi walikuwa wanataka mapatano. Kwa kusini kilichowasukuma sana ni tangazo la Novemba 1775 la Lord Dunmore, gavana wa Virginia, kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia kwake kubeba silaha watakuwa huru. Mamia walifika haraka na maelfu walikimbilia Waingereza katika miaka ya vita. Katika watu milioni 2.5 hivi wa makoloni, karibu mmoja katika kila watano alikuwa na asili ya Afrika, kwa hiyo piga hesabu hofu iliyoingia nyumba za mabwana. Dunmore naye alikuwa na watumwa wake, na hao hakuwaachia.

Ndo maana nashauri Azimio la Uhuru la 1776 lisomwe mpaka chini, wengi wanaishia kwenye watu wote wameumbwa sawa. Shuka kwenye malalamiko dhidi ya mfalme. Kuna la kodi bila ridhaa, ndiyo, limo katikati. Kuna la kuweka masharti magumu ya kupata ardhi mpya. Na la mwisho kabisa linamlaumu mfalme kwa kuchochea uasi wa ndani, yaani watumwa, na kuwaleta wenyeji wa mipakani, wanaoitwa humo washenzi wasio na huruma. Ardhi, watu, kodi, vyote vimo, vimeandikwa na wenyewe.

Karatasi hiyo ilikuja kuigwa karibu na kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake wa Rhodesia, ndo Zimbabwe ya leo, Wazungu ambao hawakufika hata asilimia 10 ya watu wa nchi, walijitangazia uhuru kwa maandishi yaliyofuata mtindo wa Azimio la Wamarekani, ila sentensi ya usawa wa binadamu wakaiacha nje. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba hiyo kwa sababu London haikuwazima, na Nyerere aliposimamia hilo alikuwa anauliza swali ambalo 1776 halikuulizwa kwenye meza ile ya Philadelphia: uhuru wa nani?

Lilikuwepo jibu lingine hata wakati ule, na ni mtu mmoja anayenifanya nirudi kwenye historia hii kila mara. Anaitwa Harry Washington. Alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa mto Gambia, George Washington akamnunua 1763, mwaka ule ule wa tangazo la mfalme, na kazi aliyopewa mwanzoni ilikuwa kukausha kinamasi kikubwa ambacho Washington na wenzake walikipata kwa ajili ya biashara ya ardhi. Alitoroka 1771 akakamatwa. Akatoroka tena 1776, safari hii akafika kwa Dunmore, akawa upande wa Waingereza mpaka mwisho wa vita, na 1783 akapanda meli kutoka New York kwenda Nova Scotia pamoja na Weusi wengine karibu 3,000. Ahadi za ardhi kule zilikuwa hewa kwa wengi, kwa hiyo 1792 yeye na wengine kama 1,200 wakavuka bahari kwenda Sierra Leone wakaanzisha Freetown, chini ya kampuni yenye hati kutoka London. Kampuni ikawadai kodi ya ardhi kila mwaka wakati walikuwa wanaamini wameahidiwa mashamba bila malipo hayo. Wakakataa, wakajitungia sheria zao wenyewe, na 1800 wakaasi. Wakazimwa na askari, wengine wakanyongwa, Harry akahukumiwa kufukuzwa akapelekwa pwani ya Bullom ng'ambo ya maji. Na shamba alilokuwa analigombania na kampuni lilikuwa kwenye ardhi ya Watemne, wenyeji wa pale, ambao nao walikuwa wanaendelea kuidai.